Kidato cha Kumi na Nane

Alhamisi, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa kumi na robo jioni. Sihitaji kalenda. Ndiyo saa ambayo mke wangu alijikwaa kwenye ngazi za maktaba yetu, akaanguka kinyumenyume mpaka chini, na Jumamosi asubuhi akafa. Nimesema "yetu" kwa mazoea tu. Maktaba ni ya Mkuu. Sisi wengine kazi yetu ni kufuta miguu mlangoni.

Hospitali waliandika "moyo". Mkuu wa maktaba akaidaka ile karatasi kama mtu aliyeokota mwavuli katikati ya mvua. "Pole sana mzee, lakini unaona mwenyewe hapa. Ni moyo."

Moyo! Huo moyo alikuwa nao miaka sitini na moja, haukuwahi kumwangusha popote. Ulimsubiri Mkuu abandike karatasi yake mlangoni ndipo umwangushe?

Karatasi yenyewe ilisema hivi: chumba cha chini, kile cha karibu na magazeti, kuanzia wiki hiyo ni cha mikutano ya kamati. Kikundi cha waandishi kihamie ghorofani. Kikundi hicho ndicho alichokuwamo mke wangu. Watu saba, kila Alhamisi saa kumi, wanakaa wanaandika hadithi za kutunga na za kweli, halafu wanasomeana. Magoti ya mke wangu yalikuwa yanalia kama bawaba iliyonyimwa mafuta, na kila mtu pale alijua. Lakini kamati haiwezi kupanda ngazi. Kamati ina makalio ya thamani.

Mtu mwingine angeishia hapo, angesema Mkuu ameniulia mke, basi. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu mimi ni mwashi, na ngazi zile nilizijenga mimi.

Ni miaka ishirini na sita sasa. Mchoro ulisema vidato kumi na nane, kila kimoja kimo cha sentimita kumi na saba. Nikavijenga hivyo hivyo, pima maji ikilala juu ya kila kidato kama mtoto aliyeshiba. Nilipokwisha maliza, msimamizi akaja na amri mpya kutoka kwa wakubwa zake: sakafu ya ghorofani imwagiwe terazo, ile saruji ya vipande vya mawe inayosuguliwa, tena nene. Nikamwambia, bosi, ukinyanyua sakafu ya juu bila kunyanyua ngazi, kidato cha mwisho kitazidi wenzake. Akaniambia, "Wewe funika, fundi. Nani atakuja kupima ngazi?"

Nikafunika. Kidato cha kumi na nane kikatoka na sentimita ishirini na moja. Kwa macho hukioni. Mguu ndio unaokiona. Mguu wa mtu ukishazoea kumi na saba mara kumi na saba, ya kumi na nane unaipanda kwa imani, na hapo ndipo unapojikwaa.

Mji mzima umejikwaa pale. Ikawa mazoea ya maktaba: waliokaa ghorofani wakisikia kiatu kimegonga, hata kichwa hawainui kwenye kitabu, wanaitikia tu, "Karibu juu!" Wanacheka. Hakuna anayejua nani alifunika. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, mke wangu, naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi niliishia darasa la nne. Mke wangu alimaliza la saba, na hayo matatu aliyonizidi aliyatumia vizuri. Alipojiunga na kikundi kile nilidhani ni mambo ya wiki mbili. Akakaa miaka minne.

Wana sheria yao. Anayekiongoza ni yule dada anayegonga mihuri kwenye vitabu vya kuazima, mke wangu akamwita Dada Mhuri. Ukishasoma hadithi yako, hapana kukusifu, hapana kukukosoa. Kila aliyesikiliza anaandika swali moja kwenye kijikaratasi, anakitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Unakwenda na kopo nyumbani, unakaa na maswali yako. Wiki ijayo unarudi umeandika zaidi. Mke wangu alikuwa na maswali makali kuliko wote, wakambatiza Mama Maswali.

Alikuwa hasomi mwenyewe, lakini. Miaka minne anasikiliza za wenzake, yake anaifunika kwa mkono kama mwanafunzi mchoyo. Makopo aliyokuja nayo nyumbani yalikuwa ya wenzake, anawasaidia kufikiri.

"Mzee wangu," ananiambia huku anachambua mchele, "Kinyozi wetu wa kikundini kaulizwa, mvua ya kwenye hadithi yake inanyesha kutoka upande gani. Wewe unaonaje, mvua inanyesha kutoka upande gani?"

"Kutoka juu."

"Ndiyo maana shule ilikushinda."

Tunacheka. Sikujua kwamba vile vilikuwa ndivyo vicheko vyenyewe, kwamba hakuna vingine vikubwa zaidi vinavyokuja.

Mwezi wa pili akaniambia zamu yake imefika. "Alhamisi ya tarehe kumi na nne ya mwezi ujao nasoma. Hadithi nimeiandika miezi saba. Nataka uje."

"Mimi na maktaba wapi na wapi?"

"Si wewe uliyeijenga?"

"Nilijenga, nikakung'uta vumbi, nikaondoka. Hata siku ya kufungua hawakunialika."

"Basi mimi nakualika. Kaa nyuma. Hata ukisinzia, usikorome tu."

"Alhamisi hiyo nina kazi. Kuna ukuta wa watu naujenga."

Alinitazama. Mama Maswali mzima, hakuuliza hata swali moja.

Baada ya mazishi nilianza vita yangu na Mkuu. Barua tano nilimpelekea kwa mkono wangu, kila moja imenichukua wiki, kwa sababu herufi zangu zinatembea kwa mkongojo. Niliandika kwamba aliyempandisha mgonjwa ghorofani ndiye aliyemwangusha. Niliandika kwamba wakubwa wa nchi hii wakikosea wanabandika karatasi, na wadogo wakikosea wanabandikwa wao. Binti yangu akinipigia simu kutoka kwake huko mbali ananiambia, "Baba, hiyo vita iache. Mkuu hatakujibu." Kweli hakunijibu. Maskini hana kinyongo, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwa maskini.

Kidato cha kumi na nane sikukitaja kwenye barua hata moja.

Mwezi wa nane Dada Mhuri akaja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani, mkoba mapajani, maji niliyompa hakuyagusa.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya daftari la dada."

"Liko wapi?"

"Liko kabatini kwetu. Mwenye zamu huleta daftari siku moja kabla, tunaliweka juu ya meza linamsubiri. Lilikuwa mezani siku ile. Na tangu siku ile hakuna aliyesoma."

"Hamkutani?"

"Tunakutana. Tunaandika, tunanyamaza, tunaondoka. Zamu ni yake, shemeji. Haijapita. Hatuwezi kumruka mtu kama dimbwi. Akishindwa mwenyewe, anasomewa na mtu wa nyumbani kwake. Ndiyo sheria, tena aliitunga yeye, mwaka ule Kinyozi alipolazwa."

Miezi mitano watu sita wamekaa wanamsubiri maiti amalize zamu yake.  Ili nisilie mbele ya mwanamke nikachagua kugomba.

"Niletee hapa, nitasoma mwenyewe chumbani."

"Ni lako, nitakuletea kesho ukitaka. Lakini likitoka bila kusomwa, itabidi kwenye kitabu cha kikundi tuandike: hakusoma."

"Na Mkuu wenu huyo mtamwandikaje? Aliyewapandisha juu? Mwandikeni: aliua!"

Akageuza mkoba mapajani. "Shemeji, kuna jambo sikukwambia msibani. Mkuu alitupa njia mbili. Ama ghorofani Alhamisi, ama tubaki chini ila tuhamie Jumatatu. Tulipiga kura. Sisi sote tulisema Jumatatu, kwa ajili ya magoti yake. Aliyekataa ni yeye."

"Yeye nani?"

"Dada. Alisema, Jumatatu mume wangu yuko kazini kweli. Alhamisi ananiambia ana ukuta, lakini namjua, hana ukuta. Atakuja. Tukamwachia."

Hapakuwa na ukuta. Niandike hapa kwa sababu kwingine sijaandika. Alhamisi ile saa kumi nilikuwa gereji ya jirani nacheza drafti, nimebakiza kete nne, mwenzangu tatu, na maktaba kutoka pale ni mwendo wa dakika nane. Sikwenda kwa sababu ya kinyongo cha miaka ishirini na sita, na kwa sababu ya aibu. Niliogopa nitakaa nyuma kati ya watu wenye miwani na kuambiwa andika swali, nami herufi zangu ni zile. Na niliogopa hadithi yenyewe. Miezi saba mwanamke anaandika kitu anakifunika kwa mkono, halafu anataka nikisikie mbele za watu! Nilijua amenitia humo. Nilijua amekitia kidato.

Na sasa ndiyo niliogopa zaidi. Kikisomwa, mji wote utajua kwamba mwenye kulaumu ndiye aliyefunika. Mkuu hatahitaji tena karatasi ya hospitali. Atacheka tu.

Lakini hilo neno. Hakusoma. Siku tatu lilikuwa linanifuata kama nzi wa chooni. Nikichota maji, hakusoma. Nikivaa shati, hakusoma.

Alhamisi nikaenda.

Mkuu alikuwa mlangoni anaaga wageni wake. "Karibu mzee. Leo barua ya ngapi?"

"Leo sina barua. Leo nimekuja kupanda hizo ngazi zako."

"Shika ukuta tu, mzee wangu, usije ukatupa kesi nyingine." Akacheka na wageni wake wakacheka, maana mkubwa akicheka meno ya wadogo hutoka yenyewe.

Nikapanda. Nilivihesabu. Cha tatu bado kina ule ufa mwembamba wa pembeni, niliuacha kwa sababu msimamizi alitukimbiza. Cha tisa nilikifuta kwa kiganja siku ile mpaka kikang'aa. Kumi na tano. Kumi na sita. Nilikuwa nimeshauambia mguu wangu: nyanyuka. Mimi ndiye niliyekijenga, mimi ndiye ninayekijua kwa sentimita. Kumi na saba. Basi macho yakaiona sakafu ya juu, ile ambayo mke wangu alikuwa amebakiza hatua moja kuifikia, na mguu ukasahau.

Kiatu kikagonga. Nikaangukia magoti.

"Karibu juu!" wakaitikia mle ndani, sauti zote pamoja, kwa mazoea.

 Halafu wakainua vichwa, wakaona ni nani. Kinyozi, yule bonge mwenye kipara kinachong'aa, alitoka mbio akaninyanyua kwa makwapa. "Fundi, tusamehe. Mdomo ulitangulia."

"Hapana," nikamwambia. "Nimekaribia."

Daftari lilikuwa mezani. La kijani, kona zimepinda, jalada lina alama ya mviringo ya kikombe chake. Walikuwepo wote sita. Nesi mstaafu, mama mmoja mrefu asiye na maneno mengi, ndiye aliyenivutia kiti. Yeye ndiye aliyekuwa juu siku ile, ameshika mlango ili mke wangu aingie. Tangu msiba alikuwa hajanitazama usoni.

"Nasoma polepole," nikawaambia.

"Soma tu," akasema Kinyozi. "Mimi mwenyewe nikipata kichwa chenye mikunjo siendi mbio."

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Mwandiko wake unalala kulia kama majani yaliyopitiwa na upepo. Ilinichukua saa nzima kusoma kurasa tisa.  Sitaandika zote hapa, nyingine ni za nyumbani. Ila hizi:

"Mume wangu hupima kila kitu. Hupima mlango kabla ya kununua kitanda, hupima mawingu kabla ya kuchanganya zege. Mimi tu hanipimi, ananikadiria, na mara nyingi anakosea kwa kidogo.

"Siku maktaba ilipofunguliwa wakubwa walikata utepe. Mafundi hawakuitwa. Mume wangu alikaa barazani kutwa nzima akisugua mwiko ambao ulikuwa safi. Sikujua la kumwambia, nikampikia tu. Kesho yake nilikuja peke yangu kuona kazi ya mikono yake. Nilipanda ngazi, na kile kidato cha mwisho kikaninasa. Nikashika ukuta nikacheka kama mwehu, watu wakanitazama. Alikuwa ameniambia! Vidato kumi na saba angeweza kuvijenga mwashi yeyote. Hiki kimoja, alichokionea aibu, ndicho chake, na ndicho changu.

"Tangu siku ile mguu wangu unakijua. Nikifika pale unanyanyuka wenyewe, kama unavyompisha mtu wako anayelala. Miaka yote hii sijajikwaa tena. Wanaojikwaa ni wageni.

"Yeye hajawahi kuzipanda tangu walipomfungia mlango. Anadhani lile ni kosa lake, anadhani watu wakijikwaa wanamtukana yeye. Nataka siku moja apande mwenyewe, mimi niwe nimetangulia juu. Akijikwaa, nimwambie kwa sauti yangu: karibu juu."

Hapo ndipo alipoishia. Kidole changu kikaendelea kushuka ukurasa mtupu mpaka chini, kinatafuta.

Kwa hiyo wakajua. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Dada Mhuri alifungua kitabu cha kikundi, akaandika tarehe, akaandika: amesoma. Akakigongea mhuri, bila sababu yoyote, kitabu cha kikundi hakigongwi mhuri. Kisha akapitisha kopo.

Nilidhani watanionea huruma, hawataandika. Waliandika wote. Wengine waliandika wakiwa wamenipa mgongo. Nesi alichukua muda mrefu kuliko wote, akaikunja yake mara nne.

Chini mlangoni Mkuu alikuwa bado yupo. "Haya mzee, yamekwisha?" Nikampita. Mtu asidhani nimemsamehe. Angewaachia chumba chao cha chini na siku yao, mke wangu angekuwa ananicheka leo. Kamati yenyewe imekaa mle mara mbili tu, nimeuliza. Lakini barua ya sita, ambayo nilikuwa nimeifikisha nusu, niliikuta nyumbani juu ya meza nikashindwa kuiongezea hata neno.

Kopo nililifungua Ijumaa asubuhi, barazani, nimevaa miwani ya mke wangu.

Kinyozi ameuliza: mwiko ule uko wapi sasa? Hilo nimelijibu. Uko nyuma ya mlango, una kutu kidogo kwenye shingo. Dada Mhuri: siku ile ya utepe alikupikia nini? Wali na maharage, na nilikula bila kumwambia asante, nimeandika hivyo hivyo. Mwingine ameuliza alikuwa akichekaje, nikajaza ukurasa mzima na bado sijafika. Mwingine ameuliza kama nitarudi. Mmoja ameandika "Pole," akalikata, akaandika alama ya kuuliza peke yake. Huyo nimemwachia.

Nimenunua daftari, la kijani, dukani yalikuwa yamebaki mawili. Nimeyajibu hayo mengine kwa zamu, kama mke wangu alivyokuwa akinieleza, swali juu, jibu chini. Sasa kila asubuhi nafungua ukurasa mmoja ule ule. Juu nimenakili swali la Nesi, neno kwa neno, na chini yake ni peupe. Jana nilimpigia binti yangu nikamsomea, nikadhani yeye mwenye shule atanisaidia. Akaniomba nimsomee tena, nikasoma, simu ikakatika.

Nesi ameandika hivi:

"Nilikuwa juu nimeshika mlango, namwona. Kwa maneno yake mwenyewe, mguu wake ulikijua kile kidato miaka ishirini na sita. Lakini siku ile alifika pale akiwa amekipa kisogo, amegeuza shingo anatazama chini, kwenye mlango wa barabarani. Mara ya tatu hiyo anageuka. Fundi, alikuwa anamtazamia nani?"